Je, "Sorry" Ni Pole au Ni Nisamehe?



Yako maneno ya lugha ngeni ambayo mtu huyatumia kabla hajajifunza lugha yenyewe. Mtoto asiyeweza kuhesabu mpaka kumi kwa Kiingereza aweza kusema "sorry". Neno hili limevuka mipaka bila kuulizwa cheti. Lasikika katika soko la Likasi, lasikika Kasumbalesa penye mpaka wa Zambia, na kule Nairobi na Dar es Salaam watu wamekwisha kulifanya la kwao, wakaliita "sori". Kwa kuwa ni neno fupi na jepesi mdomoni, wengi hudhani ya kuwa maana yake nayo ni nyepesi. Sivyo. Sisi twaona ni katika maneno magumu kabisa tunayowafundisha wanafunzi wetu, na ugumu wake si wa matamshi wala wa sarufi. Ugumu wake ni huu: neno moja lafanya kazi mbili ambazo sisi Waswahili tumezoea kuzitenga.

Twaandika haya kando ya ziwa Tshangalele, mashariki ya mji wa Likasi. Ziwa hili si la tangu kale. Mwaka 1930 mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta huko Mwadingusha, ili maporomoko yatoe umeme kwa kazi za shaba. Maji yakatanda bondeni, na watu wakawa wavuvi mahali palipokuwa nchi kavu. Shuleni kwetu Kifaransa ndiyo lugha ya mafundisho, na Kiingereza ni somo la sekondari. Lakini Kiingereza si mgeni wa jana katika Katanga. Kampuni ya Mskoti Robert Williams ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière mwaka 1906, na reli ya kwanza ilitujia kutoka kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tena tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake wa mwaka 1999 ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Hivyo vijana wetu watakutana na neno hili kila siku ya maisha yao: katika biashara, katika safari, katika barua, na katika ugomvi.

Tuanze na asili yake. Katika Kiingereza cha kale neno "sorry" lilitoka katika neno lenye maana ya maumivu au kidonda, ambalo Waingereza wa leo huliandika "sore". Aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu aumwaye moyoni. Wengi hudhani ni mtoto wa neno "sorrow", yaani huzuni, kwa kuwa yafanana sana; lakini yametoka katika mizizi miwili mbalimbali, yakakaribiana kwa kukaa pamoja siku nyingi, kama majirani wanaofanana mwendo. Tazameni basi: tangu mwanzo neno hili lataja maumivu tu. Halisemi ni nani aliyeyaleta.

Kiswahili, kwa upande wake, kimegawa kazi. Mwenzako akijikwaa, akiugua, akifiwa, akirudi kutoka safari ndefu, hata ukimkuta analima juani, wamwambia "pole". Neno hili ni la jamaa moja na upole na polepole. Ni kama kumtuliza mtu kwa kumshika mkono. Hakuna atakayekuuliza, "Kwani wewe ndiwe uliyeliweka jiwe njiani?" Lakini ukimkanyaga mwenzako mguu, "pole" peke yake haitoshi. Yakupasa kusema "samahani", au "nisamehe", au "niwie radhi". Maneno hayo tumeyapata kwa njia ya Kiarabu, nayo yote yaomba kitu: yamwomba aliyekosewa aachilie, awe radhi. "Pole" hutoa, na "nisamehe" huomba. "Pole" ni ya kila mpita njia, bali "nisamehe" ni ya mwenye kosa peke yake.

Ndiyo maana hata majibu ni mbalimbali. Mtu akikuambia "pole", wajibu "asante". Mtu akikuambia "nisamehe", huwezi kujibu "asante" ukaondoka. Wajibu "nimekusamehe", au wanyamaza, na kimya chako kina maana.

Mwingereza anayo "sorry" kwa yote mawili. Basi mwanafunzi atajuaje? Darasani tumezoea kuwaonyesha njia hizi.

Kwanza, neno hili si kitendo, ni sifa. Husemwa "I am sorry", yaani niko katika hali ya kuumia moyoni. Wanafunzi wengi, wakifuata "nakusamehe", hujaribu kuligeuza kuwa kitendo, wakasema "I sorry you". Hilo si Kiingereza. Mwenye kusamehe hutumia neno "forgive", na mwenye kuomba radhi rasmi, kama katika barua, hutumia "apologise".

Pili, tazama kinachofuata. "Sorry to hear" hufuatwa na habari mbaya, na maana yake ni pole kwa habari hiyo. "Sorry for your loss" huambiwa mfiwa, nayo ni pole kwa msiba. Lakini "sorry I am late" ni kukiri: nimechelewa, nisamehe. Kumbe ufunguo haumo katika neno lenyewe, umo katika maneno yanayoliandama.

Tatu, sikiliza sauti. Likisemwa kwa sauti ya kupanda, kama swali, halina huzuni wala kosa. Msemaji hakusikia vema, ataka urudie. Na mwenye duka akianza "sorry, but", usingoje mkate. Amekwisha kukukatalia kwa adabu.

Nne, jihadhari na mahali pawili. "I feel sorry for you" ni nakuhurumia, lakini yaweza kusikika kama maneno ya mtu aliye juu akimtazama aliye chini. Na "you will be sorry" si pole hata kidogo. Ni tisho, maana yake utajuta. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, na hapo Mwingereza akubaliana nao.

Tano, jueni ya kuwa Kiingereza cha Afrika Mashariki kimefuata "pole" yetu. Katika Kenya, Uganda na Tanzania, kikombe kikimponyoka mtu mkononi, aliye karibu husema "sorry" ingawa hakukigusa. Ghana na Nigeria hufanya vivyo hivyo. Mgeni kutoka Ulaya hushangaa, hujibu kwamba si kosa lako. Wala yeye wala wewe hamjapotoka. Kila mmoja amelisikia neno kwa sikio la kwao.

Haya yote yaonekana kuwa mambo ya daftari na chaki. Lakini siku moja tuliyaona yakigusa riziki ya mtu.

Palikuwa na mgeni aliyekuja kulitazama ziwa, mtu asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Alipokuwa akirudisha gari lake nyuma pale pwani, aligonga mtumbwi wa mbao uliokuwa umepakwa lami na kuachwa ukauke, akauvunja ubavu. Mwenyewe, mzee mmoja anayelea wajukuu wanne kwa mtumbwi ule, alikuwa hatua chache akitengeneza nyavu. Mgeni akashuka, uso umempauka, mkono kifuani, akasema "sorry, sorry" mara nyingi. Watu wakakusanyika. Mzee akatuita, akauliza, "Mwalimu, mgeni anasemaje?"

Ndugu wasomaji, hapo pana swali kubwa. Kama tungesema, "Baba, asema pole," mzee angesikia ya kuwa mgeni amhurumia tu, kama mtu yeyote aliyepita akaona mtumbwi umevunjika. Vijana waliosimama pale wangekasirika, nao wangekuwa na haki: mtu avunja chombo cha mwenzake kisha ampa pole? Kama tungesema, "Baba, aomba msamaha," tungemfanya mgeni akiri kosa ambalo bado hatukujua kama alilikiri. Kazi ya mkalimani si kumtolea mtu ungamo asilolitoa.

Basi tukamgeukia mgeni, tukamwuliza kwa Kiingereza, kwa adabu, ni "sorry" ya jambo gani. Akatutazama kana kwamba twauliza jambo lililo wazi. Kisha akasema taratibu: alirudisha gari bila kutazama nyuma, kosa ni lake, naye ataka kujua mtumbwi wagharimu nini. Sasa tuliweza kusema bila shaka, "Baba, mgeni aomba umsamehe. Asema kosa ni lake, na auliza kuhusu malipo."

Mzee alinyamaza kitambo. Hakujibu kwanza juu ya malipo. Alilizunguka gari mpaka nyuma, akaona taa moja imepasuka, akamwambia mgeni, "Pole kwa gari lako." Tulipoyatafsiri hayo, mgeni alishtuka zaidi kuliko mwanzo. Aliuliza kwa nini mzee aombe msamaha, hali yeye ndiye aliyevunjiwa. Ikatubidi tumweleze papo hapo, katikati ya watu, ya kuwa mzee hakuomba msamaha. Alimpa pole, na pole ni sadaka ambayo hata aliyekosewa aweza kuitoa.

Mambo hayakuisha kwa ukamilifu. Mgeni alilipa gharama ya mbao na ya fundi. Siku ambazo mzee hakuvua hazikulipwa, maana hakuna aliyezitaja, na mzee mwenyewe alisema yatosha. Lakini waliachana kwa kupeana mikono, na vijana walirudi kwenye kazi zao.

Twaweza kudhani ya kuwa hayo ni mambo ya watu wadogo wa pwani ya ziwa. La hasha. Wafalme na mawaziri nao wameshindania neno hili hili.

Huko Australia, kwa miaka mingi ya karne ya 20, watoto wengi wa wenyeji wa kwanza wa nchi walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao, wakawekwa katika nyumba za serikali, katika misioni, au kwa familia za Wazungu. Mwaka 1997 taarifa ya uchunguzi ilitaka waombwe msamaha. Wananchi wakaanzisha siku ya ukumbusho, wakaiita kwa neno lenyewe, Siku ya "Sorry", iliyofanywa mara ya kwanza tarehe 26 Mei 1998. Mwezi wa Agosti 1999 Waziri Mkuu John Howard alipeleka Bungeni tamko la majuto makubwa, lakini kuomba msamaha kwa jina la taifa alikataa, kwa hoja ya kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubebeshwa makosa ya vizazi vilivyopita. Yeye alisikia katika neno hilo kukiri kosa. Ndipo tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu mwingine, Kevin Rudd, aliposimama Bungeni akaomba msamaha, akalitamka "sorry". Watu waliokuwa wakingoja walilia. Taifa zima lilikuwa limebishana karibu miaka 10 juu ya neno ambalo mtoto husema akimgonga mwenzake mlangoni.

Nasi twayajua mambo kama hayo kwa karibu. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kongo, akafika mpaka Lubumbashi. Huko Kinshasa, tarehe 8 Juni, alieleza majuto yake makubwa kabisa kwa majeraha ya wakati wa ukoloni, msamaha hakuuomba. Siku 12 baadaye, mjini Brussels, jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961, lilikabidhiwa kwa jamaa yake, na Waziri Mkuu Alexander De Croo akaomba radhi mbele yao kwa jina la serikali ya Ubelgiji. Nchi ni moja, mwezi ni mmoja, lakini maneno ni mawili.

Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo katika Afrika Mashariki. Tarehe 31 Oktoba 2023, mjini Nairobi, Mfalme Charles III alitaja huzuni kubwa na majuto kwa maovu waliyotendewa Wakenya walipopigania uhuru, akasema hayana udhuru. Lakini hakuomba msamaha. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, katika Tanzania, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Msikilizaji wa Kiswahili hapati shida kuyapambanua: ya Nairobi ilikuwa pole, ya Songea ilikuwa nisamehe.

Kwa nini wakubwa waogope? Kwa sababu ya mahakama na malipo. Mwenye kusema "sorry" aweza kuambiwa kesho, "Umekiri, basi lipa." Hofu hiyo ilifika mpaka kwa waganga na wenye magari, watu wakanyima wenzao hata pole ya kawaida. Ndipo baadhi ya nchi zikatunga sheria ya kulikinga neno. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 1986. Na katika Uingereza sheria ya mwaka 2006 yasema ya kuwa kuomba radhi kwenyewe tu si kukiri uzembe. Twaelewa sababu ya sheria hizo. Hata hivyo, zaonyesha jinsi neno lenye mizigo miwili linavyoweza kumfunga ulimi hata mtu mwema.

Wengi kati yetu tulifundishwa katekisimu tukiwa wadogo, tukakariri ya kuwa mwenye kutubu hudaiwa mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Sisi twaona mafundisho hayo yafaa hata kwa somo la Kiingereza. "Sorry" lenyewe, kwa asili yake, lina majuto tu. Maungamo hayamo mpaka msemaji ataje tendo lake. Malipizi hayamo mpaka afungue mkono. Mgeni wetu wa pwani alikuwa na majuto tangu alipoweka mkono kifuani. Lakini mzee hakuweza kumsamehe mpaka aliposikia yale mengine, maana huwezi kumsamehe mtu ambaye hajasema kuwa amekosa.

Basi wanafunzi wetu, mkisema "sorry" kwa kosa, msikomee hapo. Tajeni kosa: nimevunja, nimechelewa, nimesahau. Kisha ulizeni la kufanya. Mkisema "sorry" kwa msiba wa mwenzenu, tajeni msiba wake, asije akadhani mwajishitaki. Na mgeni akiwaambia "sorry", msikasirike upesi wala msifurahi upesi. Mwulizeni kwa upole ni ya jambo gani.

Nanyi wazazi, msione aibu kuwa hamjui Kiingereza. Katika jambo hili mmewatangulia watoto wenu, kwa kuwa mliwafundisha tangu wangali mgongoni lini waseme pole, na lini waseme nisamehe. Jioni, bukari ikiwa bado motoni, wapeni zoezi hili. Mama yake rafiki yako amelazwa hospitalini: utamwambiaje rafiki kwa Kiingereza? Umepoteza kitabu cha mwalimu: utasemaje? Mtu amekukanyaga wewe, naye hakusema neno: je, utamwambia "sorry"? Swali la tatu litawasumbua, maana Waingereza wengi hulisema hata hapo. Waacheni wabishane mpaka chakula kiive.